Sikufuta: Miaka Yangu ya Kuwafundisha Watoto wa Eastlands Kuandika na Kuchapisha

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa rejista ya darasa, boksi la chaki na kalamu nyekundu. Aliyenikabidhi alikuwa Mkuu wa Idara ya Lugha, mzee mwembamba mwenye suti ya kahawia iliyotiwa viraka vya ngozi viwikoni. Shule ilikuwa ya kutwa, ya wavulana na wasichana, karibu sana na reli, hivi kwamba garimoshi likipita mwalimu alinyamaza akangoja. Mfumo wa elimu wa nane-nne-nne ulikuwa bado mpya, vitabu havikutosha, na darasa langu la kidato cha pili lilikuwa na wanafunzi hamsini na wawili.

"Mwalimu Syombua," akaniambia, "utakusanya insha kila Ijumaa na kuzirudisha Ijumaa inayofuata. Usizisome sana. Tafuta makosa."

Nikamuuliza kuna tofauti gani kati ya kusoma na kutafuta makosa.

"Ukisoma, hutamaliza," akasema, akaenda zake.

Alinifundisha alama za usahihishaji, na nyinyi mlio walimu leo bado mnazitumia kwa namna moja au nyingine. Pembeni mwa mstari unaandika h kwa kosa la hijai, yaani jinsi neno linavyoendelezwa. Unaandika s kwa kosa la sarufi na m kwa msamiati usiofaa. Mwisho unatoa alama kwa ishirini. Nilikuwa mwepesi. Katika muhula wa pili nilikuwa nasahihisha insha moja kwa dakika nne, na Mkuu wa Idara akanisifu mbele ya walimu wenzangu.

Mimi ni mtoto wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi. Baba yangu alitoka Ukambani akaja kuendesha lori la baraza la jiji, nasi tukalelewa katika chumba kimoja Kaloleni. Kwa hiyo sikuwa mgeni niliyekuja kuwahurumia watoto wa Eastlands. Nalisema hilo mapema kwa sababu makosa yangu ya mwaka ule hayana kisingizio cha ugeni.

Jumamosi moja nilikwenda soko la Gikomba kutafuta koti la mtumba. Nikanunua njugu zilizofungwa kwenye karatasi iliyokunjwa mfano wa pembe. Nilipozimaliza niliikunjua karatasi, nikaona h na s zangu nyekundu. Wanafunzi wakishaziona, insha zetu ziliwekwa stoo, na baada ya mwaka mmoja ziliuzwa kwa kilo, na hii ilikuwa mojawapo. Nikasimama kando ya mikokoteni nikaisoma. Kijana wangu mmoja aliandika jinsi baba yake, karani wa reli, alivyopunguzwa kazi, na jinsi alivyoendelea kutoka nyumbani kila asubuhi kwa miezi mitatu, tai shingoni, ili majirani wasijue. Nilikuwa nimempa kumi na moja. Kijana yule alikaa mbele yangu mwaka mzima, na sikuwahi kumwambia neno kuhusu baba yake, kwa kuwa sikujua. Maneno yake yalipita mkononi mwangu nikahesabu makosa tu.

Sikumaliza kutafuta koti.

Jumatatu nilimwendea Mwalimu Mkuu wa shule ile nikaomba kutumia saiklostaili nitoe jarida la wanafunzi. Vijana hamuijui mashine hiyo. Ulichukua stensili, karatasi laini yenye nta, ukaipiga taipu ili herufi ziikate nta, kisha ukaifunga kwenye silinda yenye wino na kuzungusha kwa mkono. Kila mzunguko ulitoa nakala moja, na mikono ilibaki myeusi hadi Jumapili kanisani.

"Mashine ni ya mitihani," akasema Mwalimu Mkuu.

"Mitihani ni mara tatu kwa mwaka, mwalimu."

"Na siku nyingine zote mashine inapumzika."

Tulitoa matoleo manne hata hivyo, kwa stensili zilizobaki baada ya mitihani, hadi alipogundua akahamisha mashine hadi afisini mwake. Ndipo nilipojifunza kwamba anayeshika mashine ya kuchapishia ndiye anayeamua nani ana jambo la kusema. Niliishi na hasira hiyo miaka mingi kabla ya kupata pa kuipeleka.

Kituo changu cha pili kilikuwa shule nyingine ya kutwa, mbali kidogo na reli, na huko nilikaa miaka kumi na saba. Sitaitaja kwa jina. Wafadhili walikuwa wameipa kompyuta kumi na mbili, nazo ziliwekwa katika chumba kimoja, zikafunikwa mashuka, mlango ukapigwa kufuli. Wageni walipokuja, chumba kilifunguliwa, mashuka yakafunuliwa, picha zikapigwa, mashuka yakarudishwa.

"Wanafunzi wakizigusa zitaharibika," Naibu wa Mwalimu Mkuu aliniambia.

"Na wasipozigusa kabisa, zitakuwa zimefanya kazi gani?"

Akageuka akaenda darasani. Aliyenijibu ni Bwana Odhiambo, msimamizi wa chumba kile, mtu mpole aliyezijua mashine zile kama mfugaji anavyojua ng'ombe wake. Alinifuata ukumbini akaniambia polepole, "Madam, ufunguo ninao mimi. Saa saba, wakati wa chakula cha mchana, hakuna anayepita huku."

Wakati huo nilikuwa nakaribia miaka hamsini na sikujua kuwasha kompyuta. Nilijifunza katika saiba moja ya mtaa wa Buruburu, yaani duka la kukodisha kompyuta, nikiwa nimeketi katikati ya vijana waliocheza kandanda kwenye skrini wakinitazama kwa jicho la pembeni. Msichana aliyekuwa zamu alinionyesha jinsi ya kufungua blogu. Blogu, kwa asiyejua, ni ukurasa wa mtandaoni ambao mtu huujaza maandishi yake na yeyote duniani akausoma. Hailipiwi, wala haiombewi ruhusa kwa mchapishaji. Nilipobonyeza kitufe cha kuchapisha mara ya kwanza, sentensi yangu ikatokea pale kama ya mtu mwingine yeyote, nilikumbuka saiklostaili iliyofungiwa afisini. Nikacheka peke yangu hadi vijana wa kandanda wakageuka.

Nikaanza na wanafunzi kumi na tisa wa kidato cha tatu. Mmoja wao aliitwa Nafula, msichana mrefu mwenye sauti nzito, ambaye mama yake hushona viatu vya ngozi katika soko la Kariokor. Siku ya kwanza aliandika aya moja, kisha akainua mkono.

"Madam, mbona hii mashine imechora laini nyekundu kwa jina yangu?"

"Haijui jina lako."

"Na hii ingine yote?"

Nikatazama. Kila neno katika aya yake lilikuwa limepigwa mstari mwekundu, kwa kuwa kisahihishi cha tahajia cha mashine zile kilijua Kiingereza peke yake.

"Haijui Kiswahili," nikamwambia.

Nafula akaitazama skrini kwa muda. "Basi itajua tu," akasema, akaendelea kuandika.

Bwana Odhiambo akawaonyesha jinsi ya kuiongezea mashine maneno, moja baada ya jingine. Kila mwanafunzi alipewa herufi zake katika kamusi. Muhula mzima waliifundisha mashine ile Kiswahili, na mwisho wa muhula mistari myekundu ikawa imepungua. Nilipenda kuwaona wakiirekebisha mashine badala ya kurekebishwa nayo.

Tuliandika katika hati ya pamoja. Hii ni karatasi ya mtandaoni ambayo watu wengi huifungua kwa wakati mmoja. Mwandishi anaandika katikati na msomaji anaweka maoni pembeni. Nilijiwekea sheria ambayo sikuivunja hadi nilipostaafu: siigusi sentensi ya mwanafunzi. Nitauliza swali pembeni, mara kumi ikibidi, lakini kidole changu hakitaandika neno ndani ya insha yake. Hati hiyo pia huhifadhi matoleo ya awali. Ukibonyeza mahali fulani inakuonyesha insha ilivyokuwa jana, juzi na mwezi uliopita, nani aliongeza nini, nani alifuta nini na saa ngapi. Niliona ni kinga nzuri umeme unapopotea, basi.

Hatukuweka majina kamili wala picha za nyuso. Kila insha ilisomwa na wanafunzi watatu kabla ya kuchapishwa. Michoro tulichora wenyewe, au tulichukua ile yenye leseni huria, yaani kazi ambayo mwenyewe ameruhusu watu waitumie bure mradi wamtaje.

Tulibishana sana juu ya Sheng, lugha ya mitaani ya vijana wetu. Mimi nilizoea kuipiga mstari. Nafula ndiye aliyenipinga.

"Madam, umeniuliza hapa kama mama yangu anaongea hivi."

"Ndiyo. Umeandika, 'Ewe mwanangu mpendwa, njoo upate chajio.' Mama yako husema hivyo?"

"Hawezi. Anasema, 'We Nafu, kuja ule, chakula inapoa.'"

"Basi kwa nini hukuandika hivyo?"

"Si ungenichorea s?"

Darasa likacheka, nami pia. Aliniweza. Kuanzia siku ile tukakubaliana kwamba msimulizi anasimulia kwa Kiswahili sanifu, na watu wanaozungumza wanazungumza kama wanavyozungumza. Mkaguzi mmoja wa lugha alinilaumu kwa hilo baadaye. Nilimwambia aje Eastlands ampate mama mmoja anayesema chajio, nami nitaacha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu huniuliza.

Katika muhula wa kwanza wa mwaka uliofuata, Nafula akiwa kidato cha nne, aliandika insha kuhusu vyoo vya wasichana. Vyoo vile havikuwa na milango. Ilioza, ikang'olewa, haikurudishwa. Mimi mwenyewe nilijua, na nilikuwa nimezoea, kwa sababu vyoo vya walimu vilikuwa na milango. Toleo lake la kwanza lilisema tu, "Vyoo vyetu ni vibaya sana." Nikaandika pembeni: Vibaya vipi? Akaandika kwamba havina staha. Nikauliza: Mtu akisimama pale, anaona nini? Akakaa siku mbili bila kuandika chochote. Kisha yakaja haya, ambayo nayajua kwa moyo:

"Saa nne tunaenda wawili wawili. Mmoja anaingia, mwingine anasimama nje ameshika sweta kwa mikono miwili, ameutazama ukuta. Nimekuwa mlango wa rafiki yangu kwa miaka miwili. Wengine hawanywi maji tangu asubuhi ili wasihitaji mlango."

Wasomaji watatu waliipitisha. Tukaichapisha siku ya Jumatano, kwa lakabu, bila jina la shule. Kufikia Ijumaa mzazi mmoja alikuwa ameituma kwenye kundi la wazazi la simu, na wazazi wanaijua shule ya watoto wao. Jumatatu niliitwa afisini.

Mwalimu Mkuu wa wakati huo alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya chini, na aliipenda shule yake kwa dhati. Sitamnyima hilo. Insha ilikuwa mbele yake, imechapwa kwenye karatasi.

"Mwalimu Syombua, shule ni nyumba. Mambo ya nyumba hayaanikwi barabarani."

"Si mambo, mwalimu. Ni milango."

"Nimeomba milango hiyo kwa wenye shule mara tatu. Unajua hilo?"

"Sikujua. Ungetuambia, tungeliandika hilo pia."

Akaisogeza ile karatasi kwangu. "Ifute leo."

"Sifuti."

"Unakataa amri ya mkuu wako?"

"Nakataa hii moja. Nyingine zote nitazitii."

Akaniomba nywila ya blogu. Sikumpa. Nilitoka afisini naogopa. Nataka mjue hivyo, msije mkadhani ushupavu ni kutoogopa. Nilikuwa na miaka michache tu ya kazi iliyobaki, na nilifikiria yote ambayo mwalimu huyafikiria.

Hawakuanza na mimi, walianza na mtoto. Alasiri ile Nafula alirudishwa nyumbani, na barua iliyosema asirudi ila na mzazi, na kwamba mbele ya Bodi ya Shule atatia saini ungamo kuwa aliandika uongo. Lakabu haikumsaidia. Darasa zima lilijua sauti yake, na kumbe walimu nao waliijua.

Kosa langu ni kwamba sikuwa nimezungumza na mama yake kabla ya kuchapisha. Nilimlinda mtoto kwa jina la bandia, nikamwacha mzazi gizani. Nilikwenda Kariokor kesho yake mapema kumwambia mwenyewe. Nilimkuta kwenye kibanda chake, akitoboa soli kwa msumari mrefu wa mpini wa mbao. Alinisalimu, akanipa kigoda, akaendelea na kazi. Nilimsimulia yote.

"Mwalimu, hiyo kitu mtoto aliandika ni ya kweli?"

"Ni ya kweli, mama."

"Hakuna milango?"

"Hakuna."

Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Miaka mitatu ananiambia shule iko sawa. Mimi nasikia kutoka kwa simu ya jirani." Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Na wewe ungeniambia kabla. Mtoto ni wangu."

"Una haki ya kunilaumu. Nakubali."

"Nimekulaumu," akasema. "Sasa hiyo mkutano ni saa ngapi?"

Bodi ilikutana Alhamisi. Walikuwa watu saba kuzunguka meza ndefu, Mwalimu Mkuu mwishoni, Nafula na mama yake wameketi kando ya mlango. Mwenyekiti wa Bodi alikuwa mzee wa heshima mtaani. Aliisoma insha kwa sauti, akaiweka chini, akavua miwani.

"Mimi nimewahi kufundisha," akasema. "Mtoto wa mitaa hii hawezi kuandika Kiswahili cha namna hii. Haya ni maneno ya mwalimu. Mwalimu ana ugomvi wake na shule, na amemtumia mtoto."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, lakini si kwa hilo. Wangesema ni uongo, ningewapeleka vyooni. Wangesema ni utovu wa nidhamu, ningepiga magoti kumwombea mtoto. Lakini kumwambia msichana yule, mbele ya mama yake, kwamba maneno yake ni mazuri mno kuwa yake! Niliona uso wa Nafula ukiinama, na nilijua kwamba kama neno lile litabaki chumbani humo bila kujibiwa, hataandika tena.

"Mwenyekiti," nikasema, "mnamwadhibu kwa sababu aliandika, au kwa sababu hakuandika?"

Nikaomba Bwana Odhiambo aitwe na kompyuta moja. Alikuja ameibeba kifuani, waya ukiburuta nyuma. Aliiweka mbele ya Mwenyekiti, akafungua hati ya Nafula, kisha akafungua matoleo yake ya awali. Nikamwachia Nafula aeleze.

Alianza kwa sauti ndogo. "Hii ni Jumanne, saa saba na dakika kumi. Niliandika vyoo ni vibaya sana. Hapa Madam ameuliza vibaya vipi." Akabonyeza. "Hapa nimefuta. Hapa pia nimefuta. Hizi siku mbili sikuandika kitu, nilikuwa nafikiria." Akabonyeza tena, na sauti yake nzito ikaanza kurudi. "Hapa nilikuwa nimeandika 'mlango yake.' Siku ya tatu nikaona kosa, nikaweka 'mlango wake.' Kila pahali pako na rangi ya kijani ni mimi. Rangi ya Madam ni ya samawati. Angalieni kama iko ndani."

Mwenyekiti akavaa miwani. Akasogelea skrini, akabonyeza mwenyewe, nyuma na mbele, kwa muda mrefu. Katika insha nzima hapakuwa na herufi moja ya samawati. Maswali yangu yote yalikuwa pembeni, na kila swali lilifuatwa na kijani: jaribio, kufuta, jaribio tena.

Ndipo mama yake Nafula akasimama. "Mimi sikusoma sana," akasema. "Lakini nimesikia mtoto wangu akiitwa mwongo, halafu akaitwa mwizi wa maneno. Sasa nimeona si mwongo na si mwizi. Karatasi ya kutia saini iko wapi, niirudishe kwenu?"

Hakuna aliyetia saini chochote. Nafula alirudi darasani kabla ya kengele ya saa sita. Wakati wa likizo ya Aprili mafundi walikuja wakaweka milango ya mabati ya buluu, kila choo na komeo lake. Siku ya wazazi tuliambiwa kwamba shule imeboresha miundomsingi. Insha haikutajwa. Wasichana waliokaa nyuma ya ukumbi walitazamana tu.

Mimi nilipewa barua ya uhamisho. Ilisema nahitajika kwingine, na iliandikwa kwa adabu. Wiki yangu ya mwisho Mwalimu Mkuu alinikuta uwanjani, akasimama.

"Ungeifuta siku ile, ungekuwa bado hapa," akaniambia.

"Na milango ingekuwa wapi?"

Alitingisha kichwa, tukapeana mikono. Hakuwa adui yangu. Alikuwa mtu aliyefundishwa, kama nilivyofundishwa mimi, kwamba maandishi ya mtoto ni kitu cha kutafutwa makosa.

Kituo cha tatu na cha mwisho kilikuwa shule ndogo upande wa mtaa wa Fedha, ambako watoto wa karani na wa dereva walikaa dawati moja na watoto wa wapangaji wa chumba kimoja. Hapakuwa na kompyuta hata ya kufunikwa shuka. Wanafunzi hawakuruhusiwa simu. Kwa hiyo tulitumia simu yangu. Waliandika daftarini, wakasomeana, wakauliziana maswali pembeni kwa penseli, kisha wahariri wanne waliochaguliwa na wenzao waliziandika insha kwenye simu hiyo moja kwa zamu baada ya masomo na kuziweka kwenye blogu yetu mpya. Kioo chake kilipasuka mara mbili. Katika mwaka wangu wa mwisho tulikusanya hadithi thelathini, tukazipanga kwa programu isiyolipiwa, tukatoa kitabu cha dijitali chenye leseni huria. Mwalimu yeyote, popote, anaweza kukipakua na kukichapa. Mwalimu mmoja wa mbali kabisa na Nairobi alituandikia kwamba wanafunzi wake wamekisoma na wana malalamiko juu ya mwisho wa hadithi ya tisa. Siku hiyo darasa halikushikika kwa furaha. Walikuwa wamelalamikiwa kama waandishi.

Nafula sasa ni muuguzi. Watu husikitika nikiwaambia, wakidhani angekuwa mwandishi wa vitabu. Ananiambia ripoti zake za zamu ndizo daktari husoma hadi mwisho, kwa kuwa anaandika alichokiona. Mimi sioni cha kusikitikia.

Walimu vijana mnanijia mkisema kazi imeharibika, kwamba siku hizi mwanafunzi anaiambia mashine iandike na insha nzima inatoka kabla hajakuna kichwa. Nimeziona insha hizo. Hazina kosa hata moja, na ukimuuliza mwenye insha swali moja pembeni, hana jibu. Basi muulizeni. Dawa ya insha isiyo na mtu ndani ni msomaji anayetaka kujua, na msomaji huyo ni wewe. Kama bado unasahihisha kwa dakika nne, usiilaumu mashine. Nilikuwa mashine mimi kabla yake.

Wengine mnaniambia hamna vifaa. Hilo nalikubali nusu. Vifaa vingi viko mtandaoni bure, na tulichokosa mara nyingi ni ufunguo wa chumba. Mtafuteni aliye na ufunguo. Mara nyingi si mkubwa.

Siku niliyostaafu kulikuwa na keki, kwaya, na hotuba nyingi. Afisa wa elimu alikuja kutoka afisi ya kaunti ndogo akanipa cheti, akanisifu kwa ubunifu. Baada ya chakula akanivuta kando, karibu na tangi la maji.

"Mwalimu, ile blogu ya hapa," akasema kwa upole. "Sasa unaondoka. Itabidi utukabidhi nywila, tuisimamie kiofisi. Kuna makala mawili matatu tungependa kuyapitia."

"Sina nywila."

"Iko na nani?"

"Iko na wahariri. Wanne, wa kidato cha tatu. Nilijiondoa mwezi uliopita, na simu ya kuandikia nimewaachia. Siwezi kufungua hata nikitaka."

"Hao ni watoto, mwalimu."

"Ndiyo. Na blogu ni yao. Kama kuna makala usiyoyapenda, waandikie barua."

Alinitazama kuona kama natania. Sikuwa natania. Wiki ile ile akawaandikia, ukurasa mmoja na nusu, kwa nembo na muhuri, akiwataka waondoe makala mawili. Wahariri wale wakakutana, wakaisoma barua yake mara tatu kama walivyofundishwa kusoma kila kitu, wakaichapisha nzima bila kubadilisha neno, na chini yake wakaweka jibu lao. Viko pale hadi leo, barua na jibu, na yale makala mawili.